Ng'ombe wa Risala

Wiki iliyopita nililetewa barua ya mwaliko hapa nyumbani kwangu Turwa. Shule niliyosoma utotoni, kule upande wa Natta, inasherehekea mafanikio ya mwaka mzima, na wameniomba niwe mgeni rasmi. Barua inaniita tunda la kujivunia. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikaitumia kufunikia chungu cha togwa, maana kifuniko chake kimevunjika.

Siichukii shule. Nimefundisha mpaka nikastaafu, na risala za mafanikio nimeziandika kwa mkono wangu, nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Najua zinavyopikwa na najua chumvi inakotoka. Ninachokidharau ni ile sherehe yenyewe, na wanaokaa meza kuu, na wanaopiga makofi kabla hawajajua wanapigia nini. Nina sababu yangu, na sababu hiyo ina kwato.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, muda mfupi baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari na kila mtu akilalamika kwamba anasikia jirani akikohoa. Shule ilikuwa na madarasa mawili ya matofali na mengine ya udongo. Mwalimu mkuu alitoka mkoa wa mbali, ambako kwa maelezo yake mwenyewe watu walikuwa wamestaarabika zamani. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, nyekundu, buluu na nyeusi, na sikumbuki kumwona akisahihisha daftari la mtu hata siku moja. Zilikuwa kalamu za taarifa.

Enzi hizo kila shule ilitakiwa kujitegemea, iwe na shamba, iwe na mifugo, watoto wasome huku wakizalisha. Jambo zuri, na silicheki. Wazazi walichanga mitamba wawili wakaipa shule, na masika ya kwanza tu ugonjwa wa ndigana ukawaua wote wawili. Tuliwazika nyuma ya choo sisi wenyewe. Lakini mwalimu mkuu hakuandika kwamba wamekufa. Katika taarifa zake za kila muhula waliendelea kuishi, tena hawakuishi bure, walizaa. Mpaka nafika darasa la saba shule yetu ilikuwa na ng'ombe tisa, wote wa karatasi. Nawajua vizuri kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mimi ndiye niliyekuwa nikinakili taarifa zile kwa kalamu ya buluu. Siku moja nilimuuliza ndama wa safari hii ni dume au jike. Akanitazama, akafikiri kidogo, akaniambia niandike jike.

Mwaka ule, katika darasa letu zima, aliyechaguliwa kwenda sekondari alikuwa mmoja tu, naye ni mimi.

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana baba alikuwa ameniambia mapema nijaze majibu ovyo. Aliniambia kwa upole kabisa, asubuhi ya mtihani, akinipa kiazi cha kula njiani. Mtoto wa kike akifaulu huwasumbua watu, alisema. Nilikula kiazi, nikaenda nikajibu maswali yote kadiri ya akili yangu. Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe kwa ajili yangu kutoka kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akimtafutia mwanawe mke wa pili. Na kwetu, ng'ombe wakishatoka zizi moja wakaingia jingine, msichana ameshaolewa, hata kama bado anacheza rede. Kilichobaki ni siku ya kumpeleka tu.

Ila kuoza mwanafunzi lilikuwa kosa la kufungwa, na baba alikuwa mwoga. Kwa hiyo hakuwalaza ng'ombe wale nyumbani. Aliwapeleka kwa rafiki yake. Hilo si ajabu huku: mtu huwagawa ng'ombe wake kwenye mazizi ya marafiki, ugonjwa ukipiga huku wabaki wa kule, na majirani wasijue utajiri wake umefikia wapi. Rafiki huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Tena ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya wazazi kila muhula kuwakemea wanaooza watoto. Aliwakemea vizuri sana, mpaka mishipa ya shingo ikimtoka, kisha akirudi nyumbani anakamua ng'ombe wa mahari yangu.

Baba alimwendea pia mwalimu mkuu, jioni moja nikiwa kwake nanakili. Walizungumzia barazani, mimi nikiwa ndani na mlango uko wazi. Baba alisema mimi ni mgonjwa mgonjwa, sekondari iko mbali, labda nafasi apewe mwingine. Mwalimu mkuu hakukasirika wala hakushangaa. Alimjibu kwamba sherehe ya mafanikio ya shule ipite kwanza. Mgeni rasmi akishaondoka, yatakayotokea nyumbani kwa mtu ni ya mtu mwenyewe. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi inayosema shule inajivunia sana kumwendeleza mtoto wa kike. Niliimalizia, nikaweka nukta.

Basi barua ikaja kutoka wilayani kuthibitisha kwamba mgeni rasmi atafika kwenye sherehe, na kwamba atapenda kuwaona ng'ombe wa shule. Mwalimu mkuu alikonda kwa siku mbili. Akaita kamati, akawaomba wazee wamsaidie ng'ombe tisa kwa saa chache. Wazee wakatazama chini. Hakuna mtu wa kwetu anayetoa ng'ombe wake aonwe na serikali, maana walikuwa wameshaona mengi yakitazamwa asubuhi na jioni yamekuwa mali ya wote. Aliyejitolea ni mwenyekiti. Alisema yeye ana moyo wa maendeleo. Kuazimisha cha mwenzako ni rahisi, hukosi usingizi. Akachagua tisa katika wale wa baba, akamwambia mwalimu mkuu ni wake.

Mwalimu mkuu aliridhika. Kwake ng'ombe ni ng'ombe, kama meza ni meza. Hakujua kwamba huku kwetu hata mtoto wa miaka saba humtambua ng'ombe kama anavyomtambua shangazi yake: kwa rangi, kwa pembe, kwa sikio lilivyokatwa, kwa mwendo. Mtu anaweza kusahau jina la mjukuu wake, lakini ng'ombe aliyemtoa zizini kwake hamsahau. Kwa mtu wa kuja kama yeye hilo nalisamehe. Mwenyekiti ndiye siwezi kumsamehe, alilijua akitembea na akilala. Alidhani tu kwamba wangepitishwa kwa mbali, kule bondeni, mgeni rasmi anyooshe kidole aseme vizuri, basi.

Siku yenyewe mabalozi wa nyumba kumi walipita alfajiri kuhimiza watu. Wote wakaja, na mzee wa ng'ambo ya mto naye akaja, amevaa koti la mvua juani. Baba alikalishwa mbele kabisa kwenye viti vya darasani, kwa kuwa ni mzazi wa mwanafunzi aliyefaulu. Alivaa viatu. Tulifanya gwaride, tukafanya halaiki, wadogo wakaghani ngonjera ya kumlaani mvivu. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa mstari wa nyuma wa halaiki kwa sababu alikuwa mrefu. Kwenye meza ya maonyesho kulikuwa na viazi vikubwa kama kichwa cha mtoto, vilivyotoka shambani kwa mke wa mwalimu mkuu, vimeandikwa kwamba ni jasho la wanafunzi. Angalau hiyo ilikuwa kweli, maana tulivilima sisi.

Kisha nikaitwa kusoma risala.

Nilisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa, nikisimama kila penye nukta. Nikayasoma mafanikio ya pamba na ya choo kipya. Nikayasoma ya msichana mmoja aliyechaguliwa, na watu wakanipigia makofi, nami nikangoja yaishe kama vile anasemwa mwingine. Nilipofika kwenye mifugo, wale tisa wakaswagwa kutoka nyuma ya madarasa. Hawakupita bondeni. Mwalimu mkuu, kwa kujisikia, aliamuru waletwe mpaka mbele ya meza kuu.

Aliyetangulia alikuwa mtamba mweusi mwenye pua nyeupe. Nilimfahamu kabla sijaona miguu yake, kwa sababu siku alipoletwa nilijificha nyuma ya ghala nikamtazama nikilia. Uwanja wote ukanyamaza. Wazazi waliwajua ng'ombe wale mmoja mmoja, wametoka kwa nani, wamekwenda kwa nani, kwa ajili ya nani, na huyo nani alikuwa amesimama mbele yao ameshika karatasi. Wasiojua walikuwa walimu na wageni. Mzee wa ng'ambo ya mto aliinuka nusu, akakaa. Baba aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti aliangalia mawinguni, mwezi wa Desemba, kana kwamba anapima mvua.

Mgeni rasmi alifurahi. Alisema amesoma habari za ng'ombe hawa miaka yote, na kwa hiyo hakuja mikono mitupu. Akamwita bwana mifugo, na bwana mifugo akafungua gunia, akatoa chuma kirefu cha kupigia chapa, kimefuliwa huko wilayani, kina herufi za shule yetu. Mali ya umma lazima iwe na alama, mgeni alisema, na leo hii tutaanza. Moto upo kwa wapishi.

Mwalimu mkuu akaanza kugugumia. Labda siku nyingine, alisema, ng'ombe wamechoka, jua kali. Mgeni hakuwa mpumbavu kama nilivyotarajia. Alimtazama, akautazama uwanja ulivyonyamaza, akatazama tena ng'ombe. Halafu akanigeukia mimi.

"Binti, wewe ndiye umetusomea. Hawa ndio ng'ombe wa shule?"

Watu hudhani mtoto hafikiri. Mimi nilifikiri upesi kuliko nilivyopata kufikiri tangu siku ile. Nikisema ni wa baba na kueleza kwa nini, baba atafungwa. Nikisema ni wa mwenyekiti, watarudi kwenye zizi lile lile, mgeni ataondoka, na kabla mwezi haujaisha nami nitapelekwa ng'ambo ya mto nikalipie ng'ombe hao. Palikuwa na jibu moja tu lililonifaa, la kuwabakiza ng'ombe shuleni na kuivunja mahari, nalo lilikuwa uongo niliokuwa nimeunakili kwa mkono wangu kwa miaka miwili.

"Ndiyo, Ndugu mgeni rasmi," nilisema. "Ni wa shule. Sisi ndio tunaowachunga."

Baba aliinua macho akaniangalia. Sijui aliona nini. Angeweza kusema neno moja, hawa ni wangu, lakini hakulisema. Mzee wa ng'ambo ya mto naye angeweza. Mwenyekiti pia. Wanaume watatu waliozoea kunguruma majumbani mwao, kila mmoja ana fimbo, wakakaa kimya ng'ombe wakilazwa chini mmoja baada ya mwingine na chuma kikizama kwenye paja. Moshi wa manyoya ukatufikia wote. Mgeni mwenyewe alimpiga chapa yule mtamba mweusi, na watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Baba alipiga makofi. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile mikono ya baba, inapigana polepole, na ninamdharau, Mungu anisamehe, ndiye baba yangu na alishazikwa.

Mgeni alipomaliza akatoa kijitabu, akaandika jina langu, akamwambia baba mbele ya watu kwamba Januari ataulizia kama nimefika shuleni. Baba akashukuru kwa mikono miwili.

Usiku huo hatukula vizuri lakini mimi nilicheka. Kesho yake mzee wa ng'ambo ya mto alikuja, akakataa kiti, akakataa na pombe ya ulezi. Mwenyekiti alikuwapo, akajaribu kueleza kwamba lilikuwa jambo la maendeleo. Hakuna aliyemsikiliza. Baba aliomba muda. Alisema ng'ombe hawa wamechukuliwa na serikali, kila mtu ameona, na waliobaki hawatoshi kurudisha. Mimi na mdogo wangu tulikuwa jikoni tunapepeta ulezi, tumeziba midomo kwa khanga ili tusisikike tukicheka. Tulimwigiza mwalimu mkuu akigugumia. Yeye alikuwa hodari wa kuigiza kuliko mimi.

Mzee yule alimwita baba mura, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, na hakupaza sauti.

"Mura, ng'ombe wangu walifika kwako. Walikokwenda baadaye si shauri langu. Mimi nataka mtu."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, na nikaendelea kupepeta. Nilidhani mtu anayetakiwa ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaandikwa kwenye kijitabu.

Januari niliondoka juu ya lori la pamba nikiwa na sanduku la bati. Nilikuwa na furaha, sitaki kuipamba wala kuificha. Tulipopita shuleni niliona wale ng'ombe kwenye zizi jipya la miti, chapa bado mbichi, na nikawapungia mkono. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, akanipungia naye, akidhani ninampungia yeye.

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani, sikumkuta mdogo wangu. Mama alikuwa anasaga, hakuacha kusaga wala hakuinua kichwa. Alisema yupo ng'ambo ya mto, tangu mwezi wa pili. Nikamuuliza baba kwa heshima, shikamoo kwanza, kama nilivyolelewa. Akaniambia deni la ng'ombe halilipwi kwa maneno, na kwamba huyu mwingine hakuna aliyeandika jina lake popote. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini amepanda mtama badala ya mahindi.

Na ilikuwa kweli. Mgeni hakumuulizia, maana hakumjua. Mwenyekiti hakumkemea mtu. Desemba iliyofuata mwalimu mkuu alinituma nimnakilie risala, kwa kuwa aliyenirithi hakuwa na mwandiko, nami nikaenda, nikitaka kuona atakavyoliandika jambo lile. Kwenye mafanikio niliwekwa mimi, mtoto wa kike aliyeendelezwa na shule. Ng'ombe nao waliwekwa, idadi ileile, ingawa wanne walikuwa wameshachinjwa kwa wageni wa ziara mbalimbali na yule mtamba mweusi alichinjwa wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, penye matatizo. Aliandikwa mtoro.

Nilinakili. Ningeweza kuiacha kalamu mezani nikatoka. Niliandika neno lile kwa buluu, vizuri, herufi zimelala upande mmoja, na tangu hapo dharau yangu imekuwa ikinirudia mwenyewe kila nikimaliza kuwadharau wengine.

Nilimwendea mdogo wangu kabla ya kurudi shuleni. Nilimkuta shambani, amejifunga khanga kifuani, analima mstari wake kando ya mke mkubwa. Alisimamisha jembe akanisalimu. Aliniuliza kama bwenini tuna vitanda au tunalala chini, na kama wanatupa sukari kwenye uji. Nilimjibu. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua naanzia wapi, nikaanza kueleza habari za siku ile, kwamba niliulizwa ghafla, kwamba sikujua itafika huku. Akaniacha nimalize. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulisoma vizuri, dada," alisema. "Tuliokuwa nyuma wote tulikusikia."

Kisha akainama akaendelea na mstari wake, kwa sababu mke mkubwa alikuwa ameshamtangulia.

Bado anaishi kule kule, ng'ambo ya mto, na wajukuu zake wanasoma shule ile. Barua niliyofunikia togwa inasema siku ya sherehe wazazi na walezi wote watakuwapo, na inaniomba niandae hotuba fupi. Nimeifunua leo asubuhi nikaisoma tena. Meza kuu nimewekewa kiti, na wazazi, imeandikwa, watakaa nyuma.